Unga wa chai ya kijani: mbele ya kununua, tuulize jani limetoka wapi



Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mukutano wa koperative moja ya milima yetu ya Kivu, fasi wanalima chai na kahawa. Tulikuwa tumekwisha kuzungumuza mambo ya mbolea na bei ya jani bichi, na watu walikuwa wanaanza kutafuta kofia zao waende. Ndipo ndugu anayechunga butiki ya koperative akasimama na sashe moja mukononi. Ndani mulikuwa unga wa kijani, ule wanaita matcha, maana yake chai ya kijani iliyosagwa. Muuzaji mumoja wa mujini amemuahidi kartoni kumi kwa bei ya chini. Akasema: "Mujini watu wanautafuta sana. Wanasema unapunguza mafuta ya tumbo, unashusha sukari na tansio. Tutoe dola 400 za kasha, tuuze, faida tutagawanya."

Mama moja aliyekaa nyuma akauliza neno moja tu: "Agronomu, iko safi?"

Nilishika ile sashe, nikaigeuza pande zote. Kulikuwa picha ya jani na maandiko ambayo hakuna mutu ndani ya chumba aliweza kuyasoma. Hakuna jina la inchi, hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe ya mwisho, hakuna namba ya loti. Nikamujibu: "Mama, hapa hakuna mutu anayeweza kukujibu, hata yule anayeuuza." Mvua ilikuwa inakuja, tukaachana pale. Uamuzi ukawekwa kwa mukutano unaokuja. Kwa hiyo leo nataka kumaliza lile jibu, juu feza za kasha ni zenu, na unga ule utanywewa na watoto wenu mbele ya kunywewa na watu wa mujini.

Mawazo yangu ni haya: unga usio na jina tusiununue, hata kama bei ni ya chini namna gani. Na maulizo tunayomuuliza yule muuzaji, sisi wenyewe tuwe tayari kuyajibu juu ya chai na kahawa yetu.

Kunywa maji ya jani si sawa na kumeza jani

Chai tunayoizoea tunaichemusha, tunaichuja, kisha majani tunayatupa kwenye shimo la mbolea. Kama kulikuwa uchafu juu ya jani au ndani yake, sehemu moja inaingia kwenye maji, na sehemu ingine inatupwa pamoja na majani. Kwa madini ya risasi, ile plombi iliyo ndani ya batri, sehemu kubwa inabaki kwenye jani, haitoki na maji.

Kwa unga hakuna kuchuja. Unatia kijiko, unakoroga, unameza jani lote: vumbi yake, dawa yake, moshi wake. Ndiyo maana unga wa chai sherti uwe safi kupita chai ya kuchuja. Wengi wanafikiri ni kinyume, wanasema "ni chai tu". Lakini unga ule ni chakula, sawa vile sombe ni chakula.

Tena tukumbuke muti wa chai ni muti wa namna gani. Unapenda udongo wenye asidi, na udongo wa namna ile unaachilia madini kwa upesi: aluminiyumu, risasi na mengine. Mizizi inayanyonya. Jani linakaa wazi, linapokea vumbi la barabara, moshi wa magari na dawa ya wadudu. Aluminiyumu na floridi vinajikusanya zaidi kwenye majani mazee kupita machipukizi. Matcha ya kweli inatengenezwa na majani machanga: wanafunika shamba kivuli kwa juma tatu au ine mbele ya kuchuma, wanatoa mishipa na vijiti, kisha wanasaga na mawe. Jiwe moja linatoa gramu 30 mpaka 40 tu kwa saa moja. Kazi ya namna ile haiwezi kuwa na bei ya kartoni kumi kwa dola 400. Bei yenyewe inasema kama ndani muko kitu kingine: majani mazee, sukari, ao rangi.

Rangi si hadisi ya jana. Katikati ya miaka ya 1800, Robert Fortune, muchunguzi wa mimea kutoka Scotland, aliona huko China wafanyakazi wakipaka chai ya kijani rangi ya buluu na unga wa jipusi, kusudi ipendeze macho ya wanunuzi wa Ulaya. Mikono yao ilikuwa ya buluu. Wao wenyewe hawakunywa chai ile. Ilikuwa ya kuuzia watu wa mbali ambao hawatarudi kuuliza. Sisi tuko pia watu wa mbali, wandugu.

Juu ya risasi, neno moja la kushika. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha risasi ambacho kinajulikana kuwa bila hatari. Inaharibu akili ya mutoto mudogo na inapita kwa mama mwenye mimba kufikia mutoto. Huwezi kuiona, huwezi kuinusa, na kuchemusha maji hakuiondoi. China iliacha esansi yenye risasi mwaka 2000, na inchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwaka 2006. Lakini risasi haiozi. Ile iliyoanguka kwenye udongo karibu na barabara ingali pale.

Japani: uchafu ulifika kwa siku chache, imani ilirudi kisha miaka 12

Siku ile ndugu mumoja alisema: "Ikitoka Japani iko na sumu ya bomu." Si bomu, lakini neno lake liko na muzizi, na ni vizuri tulijue sawasawa.

Tarehe 11 mwezi wa 3 mwaka 2011, tetemeko la inchi na maji ya bahari viliharibu santrali ya nikleari ya Fukushima. Vumbi lenye sezyumu, ambayo inatoa mionzi, lilisafiri na upepo. Shizuoka, jimbo kubwa la chai, liko zaidi ya kilometa 300 kutoka kule. Ni mbali kupita njia ya Bukavu mpaka Goma. Machipukizi ya musimu yalikuwa hayajatoka bado, lakini vumbi liliangukia majani mazee, muti ukanyonya sezyumu kupitia majani yale, ukaipeleka kwenye chipukizi. Mwezi wa 6, Wafaransa walipima chai kavu ya Shizuoka kwenye kiwanja cha ndege cha Roissy, karibu na Paris. Walikuta bekereli 1,038 kwa kilo moja, na kipimo cha Ulaya kilikuwa 500. Muzigo ukazuiwa.

Wakulima wale hawakufanya kosa lolote. Na tena kule kwao mabishano yalikuwa makali: tupime jani bichi ao jani kavu? Ninyi munaelewa mabishano yale. Kilo tano za jani bichi zinatoa karibu kilo moja ya chai kavu. Maji yanatoka, uchafu unabaki, unajikusanya. Anayepima bichi anapata namba ndogo, anayepima kavu anapata namba kubwa. Serikali ikaamua wapime yote mawili. Wakulima wakakata miti ya chai kwa chini sana, wakapoteza mavuno, kusudi majani yaliyoshika sezyumu yaondoke.

Kuanzia mwezi wa 4 mwaka 2012, Japani iliweka kipimo kipya: bekereli 10 kwa kilo kwa chai ya kunywa, na 100 kwa chakula. Chai ya kuchuja wanaipima kama kinywaji. Unga wa matcha wanauweka upande wa chakula, juu mutu anaumeza wote. Kwa hiyo hata sheria ya Wajapani inakubali kama unga si chai tu. Ulaya iliondoa masharti ya mwisho juu ya vyakula vya Japani mwezi wa 8 mwaka 2023. Muhesabu wenyewe: ni miaka 12.

Mimi ninachukua somo moja hapo. Uchafu ulikuja na upepo kwa siku chache, lakini imani ilirudi polepole, na ilirudi kwa njia ya kupima na kuonyesha namba, hata namba mbaya. Ndiyo maana unga wa Japani wenye karatasi leo hauniogopeshi kama ile sashe isiyo na jina. Na China vilevile, inchi inayolima chai nyingi kupita zote, iko na mashamba safi na mashamba machafu. Jina la inchi peke yake haliwezi kukuambia unga ni safi ao ni muchafu. Kinachojibu ni shamba, namna ya kukausha, na karatasi.

Maulizo matano kwa muuzaji

Kama koperative inataka kweli kuuza unga huu, komite imuulize muuzaji hivi, na majibu yaandikwe kwenye kaye:

1. Jani limetoka inchi gani, jimbo gani, kiwanda gani, na ni mavuno ya mwaka gani?

2. Namba ya loti na tarehe ya mwisho viko wapi? Sherti viwe kwenye kartoni na kwenye sashe vilevile.

3. Karatasi ya laboratwari iko wapi? Iseme juu ya risasi, kadimiyumu, dawa za wadudu na mikrobe. Na namba ya loti kwenye karatasi iwe ileile ya kwenye kartoni. Fotokopi ya loti ingine, ya mwaka mwingine, ni karatasi ya kufunga karanga.

4. Karatasi ya OCC iko wapi? Muzigo uliopita mupakani juu ya kichwa, usiku, hauna karatasi ile.

5. Ndani ya unga muko nini kingine? Sukari, unga wa maziwa, rangi?

Akikosa jibu moja kwa maulizo ine ya kwanza, abaki na unga wake. Na musikubali unga uliofunguliwa na kupimwa kwa kijiko sokoni. Unga wa chai unanyonya maji ya hewa upesi, unashika uvundo, na harufu yake inaficha mambo mengi. Kuna watu wanasema: "Tia ndani ya maji, utajua." Ni kweli kama maji yakigeuka kijani ya kungaa mara moja na yakiwa matamu, muko rangi ao sukari, kwa sababu jani lililosagwa haliyeyuki, linashuka chini ya kikombe. Lakini jaribio lile halionyeshi risasi wala dawa ya wadudu. Hiyo inaonekana kwa labo tu.

Juu ya yale maneno ya kushusha sukari na tansio, mimi si munganga. Lakini ninajua mambo mawili. Mwaka 2018 wachunguzi wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema kama dawa za vidonge zilizotengenezwa na chai ya kijani, mutu akipata miligramu 800 ao zaidi kwa siku ya ile kitu inaitwa EGCG, zinaweza kuumiza ini. Hawakusema chai ya kawaida inaumiza. Walisema juu ya vidonge. Na chai, ya kijani ao nyeusi, inazuia mwili kuchukua chuma ya chakula. Mama mwenye mimba ao mwenye kupungukiwa na damu asiinywe pamoja na chakula. Mwenye sukari ao tansio aende kwa kituo cha afya, asiache dawa yake juu ya sashe.

Sasa tugeuze kidole

Mbele ya kutoka kwenye ule mukutano, kijana mumoja alisimama na kusema: "Juu ya nini tununue ya wageni? Sisi tuko na chai, tuko na mulini ya muhindi. Tusage yetu wenyewe!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nilifurahi, kwa sababu kijana anayetaka kuuza kitu kilichotengenezwa kwetu ni mali ya koperative. Lakini nilimuuliza, na ninawauliza ninyi pia: jani letu linakaukia wapi?

Tuseme kweli kati yetu. Nimeona kahawa imeanikwa kwenye gudroni, Fuso zinapita karibu na kutapika moshi wa mazuti juu yake. Nimeona chai ya nyumbani ikikaushwa juu ya figa, ndani ya jikoni, mpaka inanuka moshi wa kuni. Nimeona gunia la mavuno limelala karibu na pompi ya dawa na bidoni ya esansi. Nimeona batri ya zamani ya panneau imefunguliwa ndani ya kiwanja, na muhogo umeanikwa hatua tatu kutoka pale. Na nimeona mukulima anayepiga dawa siku ya kwanza ya juma na kuchuma siku ya ine, kwa sababu gari ya kiwanda inapita siku ile.

Na mulini ya muhindi? Meno yake ni ya chuma, yanakwisha kidogo kidogo, na kile kinachokwisha kinaingia kwenye unga. Asubui ilisaga muhogo ulioanikwa barabarani, mangaribi muhindi wenye uvundo. Tukitia chai ndani, tutatengeneza sashe ileile ambayo ninakataa, tofauti ni kwamba yetu itakuwa na picha ya mulima wetu.

Wanunuzi wa mbali wanapima. Moshi wa kuni na makaa unaacha juu ya chai kitu kinachoitwa antrakinoni. Kipimo cha Ulaya kwa chai ni miligramu 0.02 kwa kilo. Ni sawa na gramu 20 ndani ya tani 1,000, maana yake Fuso 100 za tani 10. Figa moja la moshi linatosha kuharibu muzigo. Kwa kahawa, wanatafuta sumu ya uvundo, okratoksini: kwa kahawa iliyokaangwa kipimo kilikuwa mikrogramu 5 kwa kilo, na tangu mwaka 2023 kimeshuka kuwa 3. Kakao nayo wanaipima moshi. Mukulima mumoja akianika vibaya, gunia lake linachanganywa na ya wenzake 200, na loti yote inarudishwa. Hakuna atakayejua ni gunia la nani, lakini bei itashuka kwa wote.

Kuna mutu atasema: "Agronomu, sisi tunakunywa maji ya kisima, tunakula vumbi kila siku, na tungali wazima. Unaleta mambo ya wazungu." Ninamuelewa. Njaa haingoji labo. Lakini kutandika bashe hakuhitaji labo. Kuweka pompi ya dawa mbali na gunia hakuhitaji muzungu. Kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa mbele ya kuchuma hakuhitaji hata franka moja. Inahitaji tu mutu akubali kwamba yule atakayekunywa ni mutu sawa yeye.

Dola 400 zifanye nini

Mukutano unaokuja mutaamua. Mimi sina kura, lakini niko na mawazo, na haya ndiyo yangu.

Zile dola 400 zisiingie kwenye kartoni kumi. Zinunue bashe safi, misumari na wavu wa kutengenezea meza za kukaushia, zinazosimama juu ya udongo na mbali na barabara. Mbao na miti kila mumoja anaweza kuchangia kwa salongo. Kisha koperative inunue kaye moja kubwa. Ndani yake kila loti iandikwe: shamba la nani, siku ya kupiga dawa na jina la dawa, siku ya kuchuma, fasi ya kukausha, namba za gunia. Mwandishi awe mutu mumoja anayejulikana, na kaye ikae kwa ofisi, si nyumbani kwa prezida.

Kijana wa mulini, nawe usivunjike moyo. Anza na chai ya kijani ya majani mazima, iliyokaushwa bila moshi, kilo chache, na tuipeleke kupimwa mbele ya kuiuza. Karatasi ikirudi nzuri, tutazungumuza juu ya unga. Ikirudi mbaya, tutajua ni nini cha kubadilisha, kama wale wa Shizuoka walivyokata miti yao.

Yule mama wa nyuma aliuliza neno moja, na mimi ninaona lilikuwa neno kubwa la mukutano ule. Siku moja mununuzi atapanda mulima wetu, atashika chai yetu mukononi, atatuuliza vilevile: "Iko safi?" Siku ile nataka mwandishi wetu afungue kaye, aweke kidole kwenye mustari, na amusomee.